Nani Anapewa Muda? Somo Fupi Kuhusu Uasi wa Kiraia, Mazingira na Mizani ya Haki

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Msanzi, wilaya ya Kalambo, ukitoka Sumbawanga kwa njia ya Matai. Bondeni chini ya kijiji kuna kijito, na kando yake akina mama hulima mboga wakati wa kiangazi. Huku Ufipa mvua zikishakata, ni bondeni tu ndiko kunakobaki na kijani. Asubuhi moja walikuja maofisa na futi kamba. Wakapima kutoka ukingo wa maji, wakakuta tuta la jirani yetu mmoja, mama wa makamo, liko ndani ya mita 60. Akaambiwa ang'oe siku hiyohiyo, na faini juu. Wakati anang'oa, tipa mbili zilikuwa mita chache chini yake zinachota mchanga kwenye ukingo uleule. Tipa hazikupimwa.

Jioni yule mama akaniita. "Mwanangu, wewe unasoma chuo kikuu. Hebu niambie, ile futi lori haliifikii?" Sikuwa na jibu. Wenzake walikuwa wamekusanyika pale, wakaanza kusema kesho wakakae barabarani, tipa zisipite. Walibishana sana, mpaka bibi mmoja akauliza swali lililofunga kikao: "Tukikamatwa, nani atakuja Matai kutuwekea dhamana?" Kimya. Kesho yake tipa zilipita kama kawaida.

Nimerudi chuoni na maswali hayo mawili, la futi na la dhamana. Nimeyapeleka maktaba, nimeyapeleka kwenye mabishano ya hosteli, na makala hii ndiyo niliyoyapata. Kwa kifupi ni hivi: tukitaka kujua kama haki ni sawa katika mambo ya mazingira, tusiangalie tu nani kavunja sheria. Tuangalie nani anapewa muda na nani hapewi.

Uasi wa kiraia ni nini?

Neno "uasi" linatisha. Ukilisikia unawaza bunduki na msituni. Lakini uasi wa kiraia ni kitu kingine kabisa. Ni mtu au kundi kuvunja sheria au amri fulani kwa makusudi, mchana kweupe, bila kumdhuru mtu, kwa ajili ya jambo la umma, na kuwa tayari kukabili matokeo yake. Ukikosa sifa mojawapo, jina linabadilika. Anayekata mkaa usiku msituni naye anavunja sheria, lakini anajificha na anatafuta faida yake. Huyo ni mhalifu wa kawaida. Anayerusha mawe anafanya fujo. Na anayeandamana kwa kufuata taratibu zote hajaasi kitu, anatumia haki yake.

Mmarekani Henry David Thoreau alikataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyoruhusu utumwa, akalala usiku mmoja jela mwaka 1846, na mwaka 1849 akachapisha insha kuhusu jambo hilo. Gandhi alitembea hadi baharini mwaka 1930 kuokota chumvi ambayo sheria ya Waingereza ilimkataza kuitengeneza. Wengi tumeyasoma hayo sekondari. Tusichokikumbuka sana ni kwamba hata Tanganyika tuna ya kwetu. Mwaka 1955 Waluguru walikataa amri ya wakoloni ya kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ngumu waliyolazimishwa kwa jina la kuhifadhi udongo. Polisi walifyatua risasi Matombo na mtu mmoja akafa, lakini mpango wenyewe ulikufa pia. Tuuweke akilini mfano huo, maana unaonyesha kwamba neno "mazingira" linaweza kutumika pande zote mbili: kumtetea mkulima na kumkandamiza.

Kwa hapa kwetu kuna jambo lingine la kuelewa. Katiba, ibara ya 20, inatambua uhuru wa kukusanyika. Lakini sheria ya Jeshi la Polisi inamtaka anayeandaa maandamano kutoa taarifa angalau saa 48 kabla, na polisi wanaweza kuyazuia. Matokeo yake, mstari kati ya "kutumia haki" na "kuvunja sheria" mara nyingi unachorwa na ofisa anayeisoma barua yako. Unaweza kulala ukiwa raia mwema na kuamka mkaidi bila kubadilisha chochote katika ulichopanga.

Tabata: mkaidi mwenye ofisi

Sasa tuanze na kesi ambayo wanafunzi wa sheria wanaijua, na wengine tunapaswa kuijua. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikuwa wakiishi na dampo la jiji: harufu, moshi na nzi. Hawakufunga barabara. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda. Halmashauri ya Jiji ikaamriwa kuacha kumwaga taka Tabata na kutafuta eneo lingine ambalo halitahatarisha afya za watu.

Unadhani dampo lilifungwa? Wapi! Jiji lilirudi mahakamani kuomba kuongezewa muda. Likaongezewa. Muda ukaisha, likarudi tena. Magari ya taka yakaendelea kushusha. Hadithi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1991, Jaji Lugakingira alipokataa. Alishangaa waziwazi kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaliunganisha suala hilo na haki ya kuishi iliyo ndani ya Katiba.

Baada ya hapo taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, na wao pia wakashinda. Zikahamia Vingunguti. Fuatilia hiyo ramani: tatizo halikutatuliwa, lilisafirishwa kwenda kwa watu wengine.

Niliposoma kesi hii nilimkumbuka yule jirani yetu na matuta yake. Yeye alipewa mpaka jioni. Jiji lilipewa miaka mitatu. Na ukiangalia vizuri, kwa miaka hiyo mitatu aliyekuwa anakaidi amri ya mahakama ni nani? Ni mwenye ofisi. Ila ukaidi wake hatuuiti uasi. Tunauita "maombi ya kuongezewa muda".

Kampala: wanafunzi tisa na bomba moja

Tuje kwa wenzetu, wanafunzi kama sisi. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 ziko upande wetu. Kwa kuwa mafuta yenyewe huganda, bomba linapaswa kupashwa joto njia nzima. Mradi una watetezi wake na una wapinzani wake, na tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa kwa sababu za haki za binadamu na mazingira.

Tarehe 4 Oktoba 2022 kikundi cha wanafunzi wa vyuo vikuu kiliandamana Kampala kuelekea ofisi za Umoja wa Ulaya kuunga mkono azimio hilo. Tisa wakakamatwa. Wakashtakiwa kwa kosa la kuleta kero kwa umma, wakapelekwa rumande gereza la Luzira, baadaye wakapata dhamana.

Kosa hilo la kero kwa umma ni urithi wa mkoloni, na sisi tunalo. Angalia Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 170: adhabu yake inaweza kufika mwaka mmoja jela. Limeandikwa kwa upana ambao karibu chochote kinachosumbua watu kinaweza kuingia humo. Harufu ya dampo nayo ni kero kwa umma, tena ya wazi. Lakini fikiria wewe mwenyewe ni lini ulisikia mkurugenzi kapelekwa rumande kwa ajili ya harufu.

Kesi ya wale tisa ilikwenda kwa kuahirishwa na kuahirishwa, mpaka ikafutwa Novemba 2023. Hawakutiwa hatiani. Je, hawakuadhibiwa? Kwa anayejua maisha ya chuo, jibu ni rahisi. Mwaka mzima wa kuripoti mahakamani: nauli, vipindi unavyokosa, mtihani unaogongana na tarehe ya kesi, wazazi kijijini wanaoambiwa mtoto wao ana kesi. Mtu anaweza kudisko bila hukumu yoyote kusomwa. Kesi yenyewe ndiyo inayokuwa adhabu.

Sasa weka kando ya hilo jambo lingine la bomba hilohilo. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, dhidi ya Uganda, Tanzania na Katibu Mkuu wa Jumuiya. Hawakukaa barabarani, walifuata mlango ambao siku zote tunaambiwa tuupitie. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama iliitupa kesi hiyo. Sababu haikuwa kwamba madai yao ni ya uongo. Sababu ni kwamba walichelewa: mkataba unatoa miezi miwili tu ya kulalamika, na mikataba ya mradi ilikuwa imesainiwa tangu 2017.

Kisheria, ukomo wa muda una maana yake, na mahakama ilisoma kilichoandikwa. Sikatai. Lakini linganisha: mchafuzi wa Tabata aliomba muda miaka mitatu na mara kadhaa akapewa, waliolalamikia bomba walikuwa na miezi miwili, tena kwa mikataba ambayo mwananchi wa kawaida hawezi hata kuiona.

Loliondo na Ngorongoro: kosa lisilo na dhamana

Juni 2022 serikali ilianza kuweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo kwa ajili ya uhifadhi. Wamaasai wakapinga. Katika vurugu za tarehe 10 askari polisi mmoja aliuawa, na watu zaidi ya 20 wakashtakiwa kwa mauaji yake. Miongoni mwao walikuwamo viongozi waliokuwa wameshakamatwa siku moja kabla askari huyo hajauawa. Novemba 2022 mashtaka yakaondolewa, wakaachiwa.

Kifo cha askari ni msiba, na familia yake ina haki ya kuona muuaji anatafutwa. Lakini kwa somo letu tuangalie kipengele kimoja. Kwa sheria zetu kosa la mauaji halina dhamana. Ukishaandikiwa kosa hilo unakaa mahabusu, uwe ulikuwepo au hukuwepo. Kwa hiyo anayechagua jina la kosa ameshachagua na urefu wa kifungo kabla ya hakimu kusikiliza shahidi hata mmoja. Miezi mitano ya ng'ombe bila mwenyewe hairudishwi na barua ya kufuta mashtaka.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2024, mambo yalikwenda tofauti kidogo. Serikali ilikuwa imetoa tangazo la kufuta vijiji na kata za Ngorongoro. Maelfu ya wananchi, wengi wakiwa na majani mabichi mikononi, walijaa kwenye barabara inayopita watalii na wakakaa hapo siku kadhaa. Wakati huohuo suala likapelekwa Mahakama Kuu Arusha, na mahakama ikasimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Barabara na mahakama zilifanya kazi pamoja: waliokaa barabarani waliifanya nchi isikilize, na waliokwenda mahakamani waliipa nchi njia ya kurudi nyuma kisheria.

Karura: aliyepigwa ndiye aliyeandika maelezo

Mfano wa mwisho ni wa Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu wa Karura, ambao ni mali ya umma, ziligawiwa watu binafsi wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaanza kwenda kupanda miche humo msituni. Tarehe 8 Januari 1999 walifika getini na miche yao, wakiwa na wabunge na waandishi wa habari, wakavamiwa na kundi la wanaume waliokodiwa kulinda eneo. Wangari akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi kutoa taarifa, alisaini karatasi kwa damu yake mwenyewe.

Wanafunzi wa vyuo vikuu Nairobi wakaingia mitaani mwezi huohuo. Kukawa na mapambano na polisi, na vyuo vikafungwa. Agosti 1999 Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura bado upo leo, watu wanakwenda kutembea na kukimbia humo. Mwaka 2004 yule aliyepasuliwa kichwa akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Nawaomba tusiisome hadithi hii kwa kuimba sifa tu. Swali la kisheria ni: siku ile getini, nani alikuwa anavunja sheria? Anayepanda mti kwenye msitu wa umma, au anayepiga watu? Sheria ilikuwa upande wa mwenye mche, lakini ulinzi ulikuwa upande wa mwenye rungu.

Upande wa pili una hoja

Makala ya chuo isiyosikiliza upande wa pili ni porojo. Kuna hoja tatu nzito.

Ya kwanza: kila mtu akijichagulia sheria ya kutii, nchi haitakalika. Leo wewe unafunga barabara kwa ajili ya mto, kesho mwenye tipa atafunga barabara kwa ajili ya ajira za madereva wake. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo maana uasi wa kiraia unadai uwazi na kukubali matokeo. Anayekubali kusimama kizimbani hajaikana sheria; anaiuliza swali mbele ya watu wote.

Ya pili: wanaoumia ni wasiohusika. Barabara ikifungwa, mama mjamzito anayepelekwa Sumbawanga kwa bodaboda anakwama. Hapa sina utetezi. Anayepanga kukaa barabarani bila kupanga jinsi mgonjwa atakavyopita hajafikiri vizuri. Hata Karura, Oktoba 1998, mitambo ya wajenzi ilichomwa moto, na jambo hilo liliwapa wapinzani wao maneno ya kusema.

Ya tatu: sheria yenyewe mara nyingi ni nzuri. Mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zipo kulinda vyanzo vya maji, na kijito chetu kinazihitaji. Jirani yetu alikuwa amekosea kweli, na yeye mwenyewe hakulikataa hilo. Alichouliza ni kwa nini futi imeishia kwenye tuta lake. Mtu anayeuliza hivyo haombi kusamehewa. Anaomba sheria ifanye kazi mpaka mwisho.

Tufanye nini sisi?

Turudi kwa yule bibi na swali lake la dhamana. Nadhani yeye ndiye aliyeelewa somo hili kuliko sisi wenye vitabu. Alijua kwamba kabla ya hoja ya haki kuna hoja ya mdhamini. Na mdhamini kwa kawaida anatakiwa aje na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Sasa kama mgogoro wako ni na ofisi hiyohiyo, barua utaifuata wapi?

Kwa hiyo kabla ya kupaza sauti mitandaoni, tuanze na vitu vidogo ambavyo mwanachuo anaweza kuvibeba nyumbani:

1. Jua haki ya anayekamatwa. Kwa makosa ya kawaida anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na kama haiwezekani, apewe dhamana ya polisi. Makosa mazito yana utaratibu wake.

2. Jua mlango wa mahakama. Sheria ya Mazingira ya 2004, vifungu vya 4 na 5, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama na haki ya kwenda kuidai. Ibara ya 27 ya Katiba inatupa wajibu wa kulinda maliasili. Huhitaji kuwa mwenye shamba lililoharibiwa.

3. Jua msaada upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria mpaka ngazi ya chini. Uliza yuko wapi wa wilaya yako, na andika namba yake kabla hujaihitaji.

4. Andika tarehe. Picha ya tipa yenye siku na saa, barua ya malalamiko yenye muhuri wa kupokelewa. Tumeona kesi inavyoweza kufa kwa sababu ya muda tu.

Na kila tunaposikia "wamevunja sheria", tuulize maswali matatu: Nani mwingine amevunja sheria katika jambo hilihili? Amepewa muda gani kurekebisha? Na nani amelala rumande?

Mimi siku ile Msanzi nilikaa kimya nikiwa na miaka miwili ya chuo kikuu kichwani. Sikuwaambia akina mama wakae barabarani, na sijutii hilo, maana ambaye angelala mahabusu si mimi. Ninachojutia ni kwamba sikuwaambia hata kuhusu barua, kuhusu kifungu cha 5, kuhusu msaidizi wa kisheria. Sikuwa navijua. Sasa navijua, na nauli ya Sumbawanga nimeshaitenga kwenye boom.

Maswali ya kujadili

1. Je, Halmashauri ya Jiji katika kesi ya Tabata ilikuwa inafanya ukaidi? Unatofautianaje na uasi wa kiraia?

2. Kama kesi inaweza kufutwa bila hukumu baada ya mwaka mzima, nani anapaswa kumfidia mshtakiwa muda wake?

3. Akina mama wa Msanzi wangekaa barabarani, wangetimiza sifa zote za uasi wa kiraia? Ungewashauri nini kuhusu mgonjwa anayepita, na ungekuwa tayari kuwa mdhamini wao?